Mlezi wa Muda: Kumpokea, Kumtunza na Kumkabidhi Mbwa au Paka Aliyeokolewa

Mbwa koko amegongwa na bodaboda. Watu wamemsogeza kando ya barabara, mmoja akajitolea kumpakia kwenye bajaji hadi kwa daktari wa mifugo, daktari kamshona mguu. Saa mbili usiku linakuja swali linalowashinda wengi: leo analala wapi? Hapa Dar es Salaam, na hata ukienda Mombasa au Arusha, nyumba za kuhifadhia wanyama ni chache na zimejaa. Wenye moyo wa kuokota wapo. Anayekosekana ni mtu mwenye chumba kidogo, au ua wa nyuma, au hata bafu lisilotumika, aliye tayari kukaa na mnyama wiki nne au sita mpaka apone na apate kwake. Huyo ndiye mlezi wa muda, na mwongozo huu ni wake.

Nimeifanya kazi hii miaka tisa, tena katika nyumba ya kupanga. Jambo ninalotaka ulishike kabla ya yote ni kwamba ulezi wa muda una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo huandikwa siku ya kwanza. Walezi niliowaona wakichoka na kuacha kabisa hawakushindwa na mbwa wala paka. Walishindwa na "kaa naye kidogo" iliyogeuka mwaka mzima, huku wengine watatu wakiongezwa juu yake.

Hatua ya 1: Zungumza na watu kabla ya kumleta mnyama

Kila anayelala nyumba hiyo aulizwe, akubali kwa kinywa chake. Mwenye nyumba pia. Mkataba wa kupanga unaweza kuwa kimya kuhusu wanyama, lakini mbwa akibweka usiku wa manane utasemeshwa tu.

Mzee wa nyumba ya pili hupita mbele ya mlango wangu kila alfajiri akienda msikitini. Mbwa wangu wa kwanza alipokaribia kuja, nilimfuata mzee jioni barazani kwake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamweleza mbwa ni wa hali gani, atakaa mpaka lini, na kwamba nimekuja kuomba ruhusa yake. Akafikiri kidogo, akasema: "Kiumbe ana haki yake, mwanangu. Ila asije akanigusa na kanzu ya swala." Tukapatana: mbwa afungwe ua wa nyuma kabla ya adhana ya alfajiri, na geti la mbele lisiachwe wazi. Mpaka leo sijawahi kugombana naye, na mara mbili yeye ndiye aliyeniita kunionyesha mnyama aliyeumia.

Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kama ni wewe, au ni watu unaoishi nao, panga mapema. Mbwa awe na bakuli lake, ndoo yake na tambara lake la kudekia, na wewe uwe na nguo maalumu za kumhudumia, zisizoanikwa kamba moja na za wengine. Haya hayamzuii mtu kusaidia. Watoto wa madrasa wanafundishwa habari ya yule aliyeshuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Paka hana tatizo hili, yeye ni twahara, ndiyo maana kwa familia nyingi za Pwani kuanza na paka ni rahisi.

Baada ya watu wa nyumbani, kaa na aliyemwokoa mnyama, awe mtu binafsi au taasisi, muandike majibu ya maswali manne: nani analipa daktari, nani analeta chakula, nani anapokea simu saa nane usiku, na tarehe yako ikifika kabla hajapata nyumba anakwenda wapi. Swali la nne watu hulikwepa kwa kucheka. Usipokee mnyama mpaka lijibiwe.

Hatua ya 2: Jikinge mwenyewe na kichaa cha mbwa

Kichaa cha mbwa huua takribani watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni kama hakupo. Lakini huu ni ugonjwa unaozuilika mapema, na anayeshika wanyama wasiojulikana historia yao hana sababu ya kusubiri aumwe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wa namna yetu chanjo ya kujikinga ya dozi 2, siku ya 0 na siku ya 7. Uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ukiisha kuchanjwa hivyo, siku ukiumwa bado utahitaji dozi za nyongeza, ila zitakuwa chache. Chanjo ya pepopunda nayo iwe hai.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, hata na mtoto wa mbwa, hata kama kidonda ni kidogo kama cha kuchomwa na mwiba: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya miti shamba. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Wewe lakini usingoje siku hizo zipite ndipo uende hospitali.

Kwa upande wa wanyama, kinachoumaliza ugonjwa huu ni chanjo ya mbwa, na Pemba imetuonyesha. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwani zilifanikiwa kuuondoa kufikia 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kupitia mbwa walioletwa na watu kutoka nje ya kisiwa, ikabidi chanjo zianze upya, na 2018 ukaondoka kwa mara ya pili. Kwa hiyo mlezi akiombwa "mpakie tu kwenye boti, kuna mtu anamtaka kisiwani", jibu ni moja: achanjwe kwanza, apate cheti, muda unaotakiwa upite, ndipo mambo ya boti yazungumzwe.

Hatua ya 3: Tayarisha chumba, na usikichanganye

Nitatumia nafasi zaidi hapa, maana hapa ndipo nilipopoteza watoto watatu wa mbwa.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Nilikuwa na watoto wanne wenye umri wa wiki saba, wazima, wanacheza. Akaja mama mmoja na mwingine kwenye kikapu, amemwokota sokoni, mchangamfu kabisa. Nikamweka nao. Siku ya tano yule mgeni akaanza kutapika, ya sita akaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi wa matumbo unaoua watoto wa mbwa. Mpaka wiki inakwisha nilikuwa nimebaki na wawili kati ya watano. Daktari hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi.

Parvo huchukua kwa kawaida siku 3 hadi 7 tangu maambukizi mpaka dalili, na virusi vyake hudumu kwenye udongo na sakafu kwa miezi, hata mwaka. Kwa hiyo kanuni ya nyumba yangu tangu siku ile ni kwamba mgeni hukaa siku 14 peke yake, hata akionekana mzima kama kengele. Chumba chake kina mlango unaofungika, sakafu ya saruji au vigae, na kandambili zinazobaki humo humo. Kwanza unawahudumia wanyama wako, mgeni anakuwa wa mwisho, kisha unanawa na kubadili nguo. Kama huna chumba cha namna hiyo, pokea mnyama mmoja tu, au uzao mmoja wenye mama yao, na usiongeze mpaka waondoke.

Usafi wake unakwenda hivi. Ondoa uchafu wote, osha kwa maji na sabuni, suuza. Ndipo upake maji ya jiki, kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 30 vya maji, uyaache dakika 10, kisha usuuze tena na uache sakafu ikauke, kwa sababu paka hulamba nyayo zake. Jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi, na jiki juu ya mkojo mbichi hutoa mvuke unaokaba pumzi, ndiyo maana sabuni hutangulia. Dawa za kudekia zile ambazo ukizitia kwenye maji zinageuka nyeupe kama maziwa usizitumie kabisa penye paka. Nyingi ni sumu kwao.

Kwa paka ongeza beseni la mchanga, mbali na chakula, na boksi la kujifichia lililolala ubavu. Mjamzito asisafishe beseni hilo, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vinavyodhuru mimba. Kazi hiyo aifanye mwingine, kila siku bila kulaza.

Hatua ya 4: Kumchukua

Paka hubebwa kwenye boksi gumu lenye matundu, au kikapu chenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba, kikafunikwa kanga. Giza humtuliza. Usimbebe mkononi ndani ya daladala. Kuruka kwake ni mara moja tu. Mbwa afungwe kamba mbili, moja kwenye mkanda wa shingo na nyingine imezungushwa kifuani, maana mbwa mwenye hofu hurudi nyuma na mkanda wa shingo ukampita kichwani. Mbwa wengi wanaopotea mikononi mwa walezi hupotea siku za mwanzo kabisa, mlangoni, wakati mtu anafungua geti kumpokea mgeni.

Hiyo kanga uliyomfunikia paka mwachie, na mbwa naye mpe yake. Itandike alalapo. Isibadilishwe wala kupewa mnyama mwingine, tutaihitaji mwishoni.

Hatua ya 5: Siku za mwanzo na chakula

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Mbwa aliyetoka mtaani mpe zaidi. Siku tatu za kwanza huwa amezubaa au amejificha, hataki kula mbele yako, pengine hajisaidii mpaka usiku. Mwache. Usimwogeshe, usiite majirani waje kumtazama, usimkazie macho. Kaa chini pembeni yake, mgongo ukiwa nusu umemgeukia, usome gazeti au uchambue mchele. Mbwa mmoja niliyemlea alinisogelea kwa mara ya kwanza siku ya kumi na moja, nikiwa nachambua maharage.

Aliyekonda sana asishibishwe. Tumbo lililokaa na njaa muda mrefu likijazwa ghafla, mwili unaweza kuvurugika hata akafa. Mpe kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, ongeza polepole kwa wiki nzima, na daktari awe amemwona.

Chakula cha mbwa kinachowezekana nyumba nyingi ni ugali wa dona laini uliochanganywa na dagaa waliooshwa vizuri kuondoa mchanga na chumvi, au vichwa na maini ya kuku yaliyochemshwa, na karoti au boga kidogo. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, hata mchuzi wake. Vinaharibu damu ya mbwa na ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali, itupe mbali.

Paka ni habari nyingine. Paka anaishi kwa nyama na samaki. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha, kinapatikana kwenye nyama, na akikikosa muda mrefu macho na moyo huharibika. Ugali wenye harufu ya dagaa utamshibisha lakini hautamlisha. Na yale maziwa ya ng'ombe tunayomwekea kwa mapenzi huwaharisha paka wengi wazima. Mwekee maji.

Hatua ya 6: Daktari, na dawa zinazoua

Ndani ya siku mbili za kwanza mnyama aonwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Fungua daftari: tarehe, uzito, dawa, dozi, chanjo inayofuata. Mpangilio wa kawaida ni dawa ya minyoo mapema, kwa watoto wa mbwa tangu wiki ya 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2. Chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, kuanzia wiki ya 6 hadi 8, ikirudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida kuanzia miezi 3. Usiione distempa kama ugonjwa wa mbwa wa matajiri. Mwaka 1994 virusi vyake viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio waliotajwa kuwa chanzo.

Sasa dawa zinazoua, ambazo karibu zote zimo majumbani mwetu. Panadol ni sumu kali kwa paka: kidonge kimoja kinatosha kumuua. Kwa mbwa pia usiitoe, wala diklofenaki, wala ibuprofeni. Dawa za kupe za mbwa zenye permethrini huua paka, hata akilala tu na mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo fundi wa mtaani atakuchotea kwenye chupa ya soda, "weka kidogo tu", usiiweke kwa paka wala kwa mtoto wa mbwa. Kupe na viroboto watoe kwa mkono na kitana chenye meno membamba mpaka daktari akuandikie dawa ya uzito na aina ya mnyama wako.

Usingoje kesho ukiona haya: mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu, fizi nyeupe kama karatasi, paka dume anayekwenda kwenye mchanga mara kwa mara akikazana na mkojo hautoki, maana huyo ana saa, hana siku. Paka asiyekula kabisa kwa siku mbili naye apelekwe, hata kama hana dalili nyingine.

Upele na mapunye yanaweza kukuhamia wewe na watoto. Vaa glavu, nawa, na watoto wasimshike mpaka apone. Kuna jingine linalowafanya watu wawakimbie mbwa wa mtaani bure: uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu. Aghalabu ni uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa kwa kupandana, hauhamii kwa watu, na hutibika vizuri kwa sindano ya kila wiki kwa wiki kadhaa. Nimewaona mbwa waliokatiwa tamaa kwa uvimbe huo wakitoka wazima ndani ya miezi miwili.

Hatua ya 7: Vitoto vya paka visivyo na mama

Kabla ya kusema havina mama, hakikisha. Ukivikuta vimelala kimya, safi, matumbo ya duara, mama yupo, amekwenda kutafuta riziki. Jitenge, tazama kwa mbali saa kadhaa. Kila msimu watu huniletea vitoto "vilivyotupwa" ambavyo mama yao jioni anazunguka darini akilia. Vilivyotupwa kweli huwa vichafu, baridi, vinalia bila kukoma.

Litangulie joto, chakula kifuate. Kitoto chenye mdomo baridi hakinyweshwi, kwa sababu tumbo lake halifanyi kazi na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa boksi ili kitoto kiweze kusogea mbali kikizidiwa. Badilisha maji usiku. Kikishapata joto ndipo unaandaa maziwa maalumu ya vitoto vya paka kutoka duka la dawa za mifugo. Yakikosekana usiku ule, maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yakapoa hadi joto la mwili yatakuvusha mpaka asubuhi.

Kilaze kifudifudi, kama kinavyonyonya kwa mama yake, kamwe usikilaze chali kama mtoto wa mtu. Tumia chupa ndogo au bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, kimeze kwa mwendo wake. Cha chini ya wiki moja hunyonya kila saa 2 hadi 3, usiku na mchana. Cha wiki mbili au tatu, kila saa 3 au 4. Baada ya kila mlo chukua pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu umpanguse taratibu sehemu za siri mpaka akojoe. Mama humfanyia hivyo kwa ulimi, na bila hivyo hawezi mwenyewe.

Umri utausoma usoni. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Masikio husimama wima karibu na wiki ya 3. Meno ya mbele hutokeza wiki ya 3 hadi ya 4, na hapo unaweza kuanza kumwekea chakula laini. Mizani ya jikoni ndiyo itakayokuambia ukweli kabla ya macho yako: kitoto huzaliwa na gramu 100 hivi, na kinatakiwa kuongeza angalau gramu 10 kila siku. Kisipoongeza siku moja, mlo uongezwe. Kikipungua, nenda kwa daktari.

Kati ya wiki ya 2 na ya 7 kitoto hujifunza kwamba binadamu si adui. Kishikwe na watu tofauti, wanaume kwa wanawake, kisikie redio na sauti ya sufuria. Kikipitisha umri huo bila mkono wa mtu, utakuwa unalea paka shume ambaye hatapata nyumba kwa urahisi.

Hakikisha pia moyo wako uko tayari. Vingine hufa hata ukifanya yote haya. Zika, safisha chumba, lala. Usipokee vingine wiki hiyo.

Hatua ya 8: Asiondoke bila kuhasiwa

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na mimba hukaa wiki 9 hivi. Ukimtoa mmoja bila kufungwa kizazi, kabla ya mwaka utakuwa umepokea wajukuu wake kwenye boksi la biskuti. Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi, ukiwa naye bado, apone kwako siku 10 huku ukikagua mshono. Kwa wale paka wasiotaka kuguswa, wa sokoni na ferini, njia inayofaa ni kuwanasa, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha walipotoka. Hukatwa ncha ndogo ya sikio wakiwa kwenye usingizi wa dawa, ili mwaka ujao asinaswe bure. Ukimwona paka mwenye sikio lililokatwa ncha kwa unyoofu, jua alishapitia mikono ya watu wema.

Kama nyumbani hapafai

Kujitolea si lazima ulaze mnyama kwako. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maofisa mifugo huhitaji watu wa kuandika majina, kupanga foleni, na kuwatuliza watoto walioleta mbwa kwa kamba za katani. Taasisi za kutunza wanyama kama KSPCA kule Nairobi, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1910, au ZAASO Zanzibar, zinahitaji mikono ya kuosha mabanda na kutembeza mbwa kuliko zinavyohitaji watu wa kupiga nao picha. Mwenye gari abebe wagonjwa. Mwenye cherehani ashone matandiko. Mwenye simu nzuri apige picha zinazoonyesha mnyama alivyo, mchana, kwenye mwanga, akiwa amesimama.

Ukienda, nenda siku uliyosema. Mtu wa kila Jumamosi asubuhi saa mbili ana faida kubwa kuliko anayekuja mara moja kwa shangwe.

Na anwani yako usiitangaze. Ukishajulikana, utaamka ukute boksi limeachwa getini bila jina. Kutana na watu mahali pengine, kwa daktari ikiwezekana.

Hatua ya mwisho: Kumkabidhi

Anza kumtafutia nyumba wiki ya pili, usingoje tarehe. Andika ukweli: anaogopa wanaume wenye kofia, anachimba bustani, hapatani na kuku. Ukweli humpunguzia waombaji lakini humpunguzia pia kurudishwa. Anayemtaka aje amwone mara mbili, na wewe uende kwake mara moja. Muulize usiku mnyama atalala wapi, nani atamlisha akisafiri, mbwa aliyekuwa naye kabla alifikwa na nini. Akisema anataka mbwa wa kufunga mnyororo mchana kutwa kisha awe mkali usiku, mshukuru na umwambie huyu hafai. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mnyama kupata maji, kivuli na nafasi ya kujinyoosha si hisani.

Makabidhiano yawe kwa maandishi: cheti cha chanjo, nakala ya daftari, chakula cha siku tatu alichokizoea, na sharti kwamba akishindwa anamrudisha kwako au kwa mwokoaji, hampi mtu wa tatu. Mweleze kwamba siku 3 za kwanza atazubaa, wiki 3 zitapita ndipo aijue ratiba ya nyumba, na inaweza kuchukua miezi 3 hadi ajione yuko kwake. Mpigie simu siku ya 3, wiki ya 2, na mwezi wa 3.

Simu ya usiku wa kwanza, hata hivyo, atakupigia yeye. "Dada, samahani kwa usiku huu, analia mlangoni, hataki kulala. Nifanyeje?" Mimi huuliza kwanza kanga iko wapi. Mara nyingi sana imeshatiwa kwenye beseni la sabuni, kwa sababu ilikuwa inanuka mbwa. Ile harufu ndiyo kitu pekee anachokijua katika nyumba nzima ile. Siku hizi naliandika juu kabisa ya karatasi ya makabidhiano, kwa herufi kubwa, na kulisoma kwa sauti getini kabla sijaachia kamba: kanga itandikwe alalapo, isifuliwe mpaka wiki ya pili.